Tupeane uzoefu: mama mwandishi aliyekufungua macho

Wa Kondele
Wadada, hamjambo. Jana nikipanga masanduku nimekutana na kitabu changu cha fomu tatu, The River and the Source cha Margaret Ogola. Jalada lilishatoka kitambo. Shuleni tulikisoma kwa ajili ya mtihani tu: wahusika, maudhui, basi. Halafu baba akafariki. Matanga hayajaisha, baba mdogo akaanza kupima shamba letu kwa hatua, moja, mbili, mama akimwangalia kupitia dirisha la jikoni. Hapo ndipo nilipomkumbuka Akoko wa kitabuni humo. Mjane, shemeji amekalia kiti cha uchifu na kula mali, naye akafunga safari hadi Kisumu kushtaki kwa serikali ya mzungu. Nikamwambia mama, "Huyu alifika enzi hizo hakuna matatu. Sisi tunakosa nini?" Tukaenda kwa chifu na cheti cha kifo, kisha kortini. Miaka minne. Shamba ni letu (baba mdogo bado hatusalimii, na tumezoea). Leteni zenu.

Nesi wa Maseno
Wangu ni Grace Ogot. Dani, yaani bibi yangu, hakujua Kiingereza, kwa hiyo nilimsomea Miaha, hadithi ambayo Ogot aliiandika kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Kila ukurasa alinirekebisha matamshi, mpaka nikaona haya. Baadaye nikajua mama huyu alikuwa nesi na mkunga, kisha The Promised Land ikatoka 1966, na bado akaja kuwa mbunge wa Gem. Mimi nilikuwa nimefunzwa kupima presha na kunyamaza! Sasa zamu ya usiku ikipoa naandika. Nina hadithi tatu. Dani alisikia moja, akasema yule mume ni mjinga mno, nimpunguze.

Binti wa Nakuru
Mimi nitapinga kidogo. Akoko anasifiwa pia kwa ng'ombe thelathini wa mahari. Kwetu dada yangu alirudi nyumbani jicho limevimba, wazee wakauliza ng'ombe watarudishwa na nani. Aliyenigusa ni Paulina, katika Coming to Birth ya Marjorie Macgoye (1986). Binti wa miaka kumi na sita anamfuata mume Nairobi, mimba inatoka, anapotea njia, anapigwa. Hakuna hotuba. Anajifunza kazi, anapata mshahara wake, na mambo yanageuka polepole. Nilimpa dada kitabu. Hakukimaliza, aliishia katikati, lakini aliniuliza cherehani ya mitumba ni pesa ngapi. Leo anashona mtaani Free Area, na wale wazee humletea suruali awafupishie.

Baba wa Kakamega
Wanaume tunaruhusiwa? Darasani sisi wavulana tulimcheka Akoko, nakiri. Sasa nina mabinti wawili. Hicho cha Ogola naweza kuazima?

Wa Kondele
Karibu, kaka. Changu hakitoki nyumbani. Tafuta kwa wauza vitabu vya mitumba, hakikosekani.