Land Rover Series III ya babu: nianze na bodi au na chasisi?

Mjukuu wa Ngaramtoni

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa wenzangu. Babu yangu ametuachia Land Rover Series III ya petroli, ile fupi ya inchi 88, ambayo kwa miaka sita imesimama chini ya mparachichi hapa nyumbani Arusha, na familia imekubali niifufue badala ya kuwauzia wanunuzi wa chuma chakavu. Nina shilingi milioni tatu na nusu, ambazo zitapatikana kidogo kidogo. Vifaa nilivyonavyo ni spana, jeki moja, nyundo na grainda ya kuazima, na uwanja wetu hauna paa.

Injini inawaka, ila inatoa moshi mweusi na kunuka petroli. Pedali ya breki inazama hadi sakafuni, paa limebonyea kwa maparachichi yaliyoliangukia, na nyaya za taa zimeliwa na panya. Nilikusudia kuanza na bodi, yaani kuinyoosha na kuipiga rangi ya maziwa juu na kijani chini, kisha niweke matairi mapana, na fedha zikibaki nitafute injini ya dizeli ya Toyota. Jirani yetu ameniambia kwamba nimeanzia mkiani. Naomba mnieleze, pamoja na sababu zake, ni kipi kitangulie na kipi kingoje.

Fundi Mstaafu, Pasua, Moshi

Marahaba, mjukuu. Jirani yako amesema kweli. Bodi ya gari hilo sehemu kubwa ni alumini, ambayo hailiwi na kutu kama chuma, kwa hiyo paa lililobonyea litakungoja hata miaka mingine kumi. Chasisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ni ya chuma, tena imeundwa kama boksi lenye uwazi ndani, na maji yenye matope yakishaingia humo huiozesha kuanzia ndani kuja nje, hata ukiitazama kwa macho unaiona nzima.

Kabla hujatoa hata senti moja, ingia chini ya gari. Liweke juu ya stendi za chuma au magogo mapana, na usilale kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, kwa maana nimemzika mwenzangu kwa kosa hilo. Chukua nyundo ndogo ugonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa mikono ya pembeni inayobeba bodi, mahali springi zinapofungwa, na ile boriti ya nyuma kabisa. Gonga pia ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Chuma kizima huitika kwa mlio mkali, lakini kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama unagonga boga. Penye sauti hiyo sukuma bisibisi, na ikipenya weka alama ya chaki.

Baada ya chasisi zifuate breki. Magurudumu yote manne yana breki za ngoma, na katika gari lililosimama miaka sita, raba za masta silinda, ile kuu inayosukumwa na pedali, na za silinda ndogo za magurudumu huwa zimekauka au zimevimba. Usibadilishe moja ukaacha nyingine. Badilisha zote pamoja na hozi tatu za mpira, mbili za mbele na moja ya nyuma. Utakapofungua ngoma, usipulize lile vumbi kwa upepo wa kompresa, kwa sababu viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haitoki. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kuhusu moshi mweusi, kumbuka kwamba Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na karibureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani hapo humwaga petroli iliyozidi. Hata hivyo usikimbilie kubadilisha jeti, yaani vitundu vinavyopima petroli. Tazama kwanza kama choki, kile kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi, inarudi hadi mwisho, kama boya la karibureta halijatoboka, na kama chujio la hewa, ambalo kwa gari hilo ni la oili, halijajaa tope la vumbi. Kisha fungua plagi uzisafishe, na upime uwazi wa pointi za distributa, zile zinazokata umeme ili cheche itoke, ambao uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40.

Dada wa Njiro

Naunga mkono aliyoyasema mzee wetu, na ninaongeza habari za rangi kwa sababu ziliniumiza. Nililipa rangi kwanza katika gereji moja ambayo sitaitaja, gari likang'aa kweli, na miezi mitatu baadaye nikagundua kwamba boriti ya nyuma imeoza. Cheche za kuchomelea ziliruka hadi kwenye mlango wa nyuma, zikaacha madoa meusi ambayo hadi leo nayaona kila nikipakia mizigo.

Masika ya pili rangi yenyewe ikaanza kubanduka vipande vipande kama ganda la yai, na chini yake alumini ilikuwa safi kabisa, inateleza. Fundi alikuwa ameweka praima ya kawaida ya chuma. Alumini inahitaji praima yake maalumu, ile yenye asidi inayong'ata, na kabla ya hapo isuguliwe kwa msasa hadi ipoteze mng'ao, kisha ifutwe mafuta yote. Mara ya pili nilifanya kazi hiyo mwenyewe, mlango mmoja kwa siku, na rangi imeshika.

Ndugu yangu, kwa kuwa uwanja wako hauna paa, usijaribu ile rangi ya 2K ya kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kuikausha iwe ngumu. Mvuke wake una isosianati, ambazo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Rangi nzuri ya mafuta kwa brashi na rola laini inalipendeza gari la namna hiyo. Paka Januari au Februari, kabla ya masika, asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaanza, na umwagie ardhi maji ili vumbi litulie. Mabonyeo ya paa usiyapige kwa nyundo ya chuma, kwa sababu alumini hutanuka na haitarudi. Mimi niliyasukuma kwa kiganja kutoka ndani, mwenzangu akishikilia mfuko wa mchanga kwa juu.

Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Ukiibadili, peleka mabadiliko hayo TRA.

Mjukuu wa Ngaramtoni

Nawashukuru sana. Jumamosi nimegonga chasisi yote na nimepata alama nne za chaki: ncha zote mbili za boriti ya nyuma, mkono wa pembeni wa kushoto, na mahali springi ya nyuma inaposhikiliwa. Kwenye mkono huo bisibisi ilizama hadi kwenye mpini, na kutu ikamwagika chini kama majani ya chai. Sitaficha kwamba nilikaa chini kwa muda kabla ya kuendelea.

Habari njema ni kwamba waya wa choki ulikuwa umeganda nusu. Nimeulainisha kwa mafuta, na moshi umepungua sana. Je, chasisi hii inaweza kuwekwa viraka, au nitafute nyingine? Na ile injini ya dizeli niiache kabisa?

Fundi Mstaafu, Pasua, Moshi

Alama nne si za kukatisha tamaa. Boriti ya nyuma ikatwe yote iwekwe nyingine, kwani kuweka viraka viwili hapo ni kupoteza fedha. Penye springi chukua fundi wa kuchomelea anayeaminika, maana pakiachia barabarani ekseli inahama. Akate hadi afike kwenye chuma kinachong'aa, atumie bati la milimita mbili au tatu, wala asibandike kiraka juu ya kutu. Kabla hajawasha mashine, ondoa waya wa betri, chomoa alteneta, na uteremshe tangi la petroli, ambalo kwa gari fupi liko chini ya siti ya mbele.

Injini ya dizeli iache. Ni nzito zaidi, itadai mikono mipya ya kuishikilia na kiunganishi cha giaboksi, na namba yake italazimika kubadilishwa kwenye kadi. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, ya hii uliyonayo kwanza. Matairi mapana nayo yangoje, kwa kuwa usukani wa gari hilo hauna msaada wowote, na mikono yako ndiyo itakayolipa kila unapogeuza.

Fundi akifikia kiraka cha mwisho, mwambie asimame. Ingiza mkono ndani ya chasisi ukwangue kutu iliyolegea, ndipo afunge. Chuma kikishapoa, mimina nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kutolea maji hadi uione ikidondoka upande wa pili.