Naombeni ushauri: njia nyepesi ya kutembea kwa miguu Tendaguru, nina wageni Jumamosi

Mpita Rondo (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wadau. Nipo Lindi mjini. Jumamosi hii nina wageni watatu, watu wazima, wanataka niwapeleke Tendaguru alikotoka yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) ambaye mifupa yake ipo Berlin. Milima hawataki. Wanataka njia ya kutembea taratibu, saa moja au mbili, waone miamba, waone mabaki, tugeuze. Anayepajua anisaidie: gari inaishia wapi, mguu unaanzia wapi, na je, kuna kitu kinachoonekana kwa macho? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Matusi tuyaweke pembeni.

Bwana Korosho
Tendaguru mwezi wa tatu? Wewe na hao wageni mna ugomvi?

Dereva wa Nangurukuru
Mkuu, mimi nilipeleka watu kule mwaka 2018, ila ulikuwa mwezi wa nane. Ni kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa Lindi. Unaiacha lami ya kwenda Kibiti, unaingia upande wa Mipingo, halafu unamtafuta mwenyeji pale kijijini, bila mwenyeji utazunguka msituni mpaka jua lizame. Kilima chenyewe si kirefu, mtoto wa darasa la pili anapanda. Shida ni majani na upupu. Tulikuwa na kijana mmoja wa Dar, kaptula, miwani ya jua, anajipiga picha kila mti. Akaegemea pasipoegemewa. Wallahi alivua nguo zote mbele ya mama mtu mzima, akawa anajipaka matope kama nyati. Mpaka leo tukikutana ananiita "mchawi". Mvua zikiwa zimenyesha, ile barabara usiijaribu na gari ndogo.

Mama Nkanga
Hao wageni wana umri gani? Miguu yao ikoje? Unauliza njia nyepesi bila kusema nyepesi kwa nani.

Mwera wa Ndani
Nijibu la kuona kwa macho, maana naona watu wameshaingia kwenye upupu.

Mifupa mikubwa hutaikuta. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wakasafirisha zaidi ya tani 200. Kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi ilikuwa safari ya siku nne kwa miguu, wapagazi wamejitwisha mizigo kichwani na mabegani. Hapo Vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vimeisha, nchi ina njaa, kwa hiyo usidhani watu walienda kule kwa kupenda matembezi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kuna mjusi mmoja, Australodocus bohetii, aliyepewa jina lake mwaka 2007. Yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Waingereza nao wakaja kuchimba miaka ya 1920.

Kinachobaki ni miamba yenyewe, na kwa anayejua kuisoma ni tamu kuliko mfupa. Kuna tabaka la udongo laini lililokuwa na mifupa, juu yake mchanga mgumu wenye makombe ya baharini, halafu tena tabaka la mifupa, halafu tena makombe. Maana yake bahari ilikuja ikarudi, ikaja ikarudi, miaka kama milioni 150 iliyopita. Ukipata korongo ambalo mvua imelichana, unayaona hayo umesimama tu, hata kutembea sana huhitaji. Mwenyeji asiyejua atakuonyesha kichaka na kukwambia "hapa ndipo", basi.

Kabla hujaenda pita kwa mtendaji wa kijiji, na uliza habari ya kibali. Lile ni eneo la Mambo ya Kale, si shamba la mikorosho.

Mpita Rondo
Shukrani sana Mwera wa Ndani. Mama Nkanga, ni watu wazima wa kawaida tu. Sasa tuseme mtu anataka kuona angalau fupa moja. Hakuna kabisa?

Mama Nkanga
"Watu wazima wa kawaida" si jibu. Ni kina nani hao?

Binti Mikindani
Kwani lazima Tendaguru? Walete Mtwara. Maji yakitoka pale Shangani unatembea juu ya mwamba ambao wote ni matumbawe ya kale, unayaona maumbo yake kama jana, na viatu havichafuki. Au wapeleke Shimo la Mungu Newala, ukingo wa uwanda wa Makonde: unasimama tu, bonde la Ruvuma lote lipo miguuni mwako na Msumbiji ng'ambo. Hakuna upupu, na chakula kipo karibu.

Bwana Korosho
Binti umeongea. Shimo la Mungu nilimpeleka mke wangu kabla hajawa mke wangu. Akatazama chini, akasema nirudishe nyumbani. Tuna watoto wanne.

Mpita Rondo
Mtwara haiwezekani, nimeshaahidi Tendaguru.

Haya, niseme ukweli. Ni baba mkwe mtarajiwa, na dada zake wawili. Wanatoka Dodoma. Mzee amefundisha jiografia miaka 31, sasa amestaafu, goti moja bovu, anatembelea mkongojo. Siku ya kwanza kujitambulisha kwao aliniuliza kazi yangu. Mimi ni fundi pikipiki. Nikasema naongoza watalii Tendaguru. Sijui ilitoka wapi, ilitoka tu. Mzee aliposikia alisimama kunishika mkono. Sijawahi kufika huko.

Mama Nkanga
Nilijua tu.

Ustadh wa Mtaa
Ndugu yangu, ndoa haijengwi juu ya uongo. Mpigie mzee simu leo, umwambie wewe ni fundi pikipiki. Ufundi ni kazi ya halali. Mzee akikukataa kwa hilo, Mwenyezi Mungu amekuepusha na jambo.

Dereva wa Nangurukuru
Goti bovu, mkongojo na ile tope? Mkuu, utambeba mgongoni. Na mbung'o je? Umewaza mbung'o?

Mpita Rondo
Ustadh nakuheshimu ila kupiga simu siwezi, wameshakata tiketi. Gari nimeshakodi, ya juu, nimelipa nusu. Na kuhusu fupa nilishafanya maandalizi kidogo.

Mama Nkanga
Maandalizi gani?

Mpita Rondo
Nina rafiki yangu anafyatua tofali. Amenitengenezea fupa moja la simenti, urefu kama wa mguu wa mtu. Nikalichemshia majani ya chai, nikaliloweka siku tatu, limekuwa rangi ya zamani kabisa. Wazo ni nitangulie Ijumaa nilifukie nusu pembeni ya njia. Siliuzi, simdanganyi mtu kwa hela. Ni kama sanamu ya kumbukumbu. Mbona hata yule wa Berlin wamemuunganisha kutoka mifupa ya wanyama tofauti?

Mwera wa Ndani
Kuunganisha mifupa halisi na kuandika wazi kwamba umeunganisha si sawa na kufukia tofali. Na wewe unakwenda kuchimba shimo ndani ya eneo linalolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukikutwa na jembe pale utawaambia unapanda mihogo?

Halafu umesahau jambo moja. Mwalimu wa jiografia wa miaka 31 ataligonga kwa mkongojo mara moja tu.

Fuvu la Kichwa
Ngoja kwanza jamani. Mwanzo ni "wageni", baadaye ni baba mkwe. Mwanzo hajui gari inaishia wapi, sasa anajua njia ina pembeni ya kufukia fupa. Hajawahi kufika, ila Ijumaa anatangulia peke yake. Fupa limelowekwa kwenye chai na uzi wote ni chai. Nimekaa pale nawaangalia mnavyokunywa.

Bwana Korosho
😂😂😂 Mimi nilishachukua kikombe cha pili.

Fuvu la Kichwa
Tupia picha ya hilo fupa.

Ustadh wa Mtaa
Kama ni uongo basi nimetoa nasaha bure. Lakini nasaha haiozi.

Dereva wa Nangurukuru
Chai au si chai, habari ya upupu ni ya kweli, ninayo namba ya huyo kijana.

Kusini Kwetu
Mnabishana fupa la simenti wakati mifupa halisi ipo Ulaya inakusanya viingilio. Bungeni wamelizungumza mara ngapi hili? Irudi, ijengewe jumba hapa Lindi, na huyu jamaa asingehangaika na tofali.

Binti Mikindani
Irudi uiweke wapi? Barabara ya kufika kilimani tu imewashinda. Bora wadai sehemu ya hela kwanza.

Kusini Kwetu
Binti, hizo hela zikija zitaishia wapi unajua wewe. Mfupa angalau hauliwi.

Mpita Rondo
Picha siweki, mchumba wangu yumo humu jukwaani, ila hajui jina ninalotumia. Asiyeamini aache. Mwera wa Ndani, hilo korongo la makombe, mtu wa mkongojo anaweza kusogea karibu, au atayaona kwa mbali?

Mwera wa Ndani
Kwa mwezi huu siwezi kukuhakikishia, tope linabadilisha kila kitu. Mpigie mtendaji kesho asubuhi umuulize barabara. Akikwambia haipitiki, mpeleke mzee Shangani akaone matumbawe, na yeye ndiye akueleze wewe. Miaka 31 anafundisha, usidhani atanuna akipata mwanafunzi.

Mpita Rondo
Hapo umenigusa. Lakini nusu ya hela ya gari hairudi.

Mama Nkanga
Gari si inafika hata Mtwara?

Mpita Rondo
Inafika.

Bwana Korosho
Mkuu, kama umebadili safari, lile fupa unaliuza bei gani? Geti langu linapigwa na upepo.