London hadi Bristol, 1835: gari la posta, gari la abiria au gari la mizigo?

MsafiriWaKale
Wakuu, tulinganishe usafiri wa magari ya farasi Uingereza kabla ya reli. Nachukua njia moja, London hadi Bristol, kama kilomita 190. Barabara ilikuwa ya kulipia, chini ya bodi zilizoundwa kwa sheria za Bunge: geti, nyumba ya mtoza ushuru pembeni, na ubao wa viwango. Mngepanda nini? Mimi gari la posta. John Palmer alilianzisha kwenye njia hiihii mwaka 1784 likatumia saa 16 hivi. Kufikia miaka ya 1830 ni kama saa 12. Unaondoka London saa 2 usiku, asubuhi uko Bristol.

Binti_Mwambao
Posta, bila kusita, na sababu ni geti. Gari la posta halikulipa ushuru wala halikusimama getini. Nyuma alikaa mlinzi, mwajiriwa wa Posta, ana bastola na saa iliyofungiwa kwenye kasha ili asiichezee. Akikaribia geti anapiga baragumu, na mtoza ushuru lazima atoke kitandani afungue upesi, la sivyo anashtakiwa. Kwenye vituo vya kubadili farasi, kila kilomita 16 hivi, mambo ni yaleyale: baragumu likisikika, farasi wapya wanatolewa wakiwa na hatamu tayari. Dakika chache tu, safari inaendelea.

KakaMkubwa
Dada, nakubali kuhusu mwendo, ila umekaa wapi? Ndani watu wanne tu, na nauli yake karibu mara mbili ya juu. Wengine walikaa juu, wazi kabisa, usiku kucha. Machi 1812 gari la Bath lilifika Chippenham, barabara hiyohiyo, abiria wawili wa juu wameshakufa kwa baridi. Mimi nachukua gari la kawaida la abiria, la mchana. Ni kweli linalipa kila geti kwa hesabu ya farasi, na mwenye gari anaiingiza pesa hiyo kwenye nauli. Lakini jua unaliona, na kituoni unapata walau supu ya moto.

Fundi_Barabara
Mnasifu magari mnaisahau barabara. John McAdam alishika barabara za Bristol mwaka 1816. Alitaka mawe madogo tu, lisizidi jiwe moja gramu 170 hivi, yatandazwe kama sentimita 25, na maji yapate pa kutokea. Magurudumu yenyewe yanayashindilia yashikane. Waliopasua mawe hayo ni wazee, wanawake na watoto, wamekaa kando ya barabara na nyundo ndogo. Bila kazi yao hakuna saa 12 za mtu yeyote.

MkulimaWaBonde
Asante Fundi. Na gari la mizigo hakuna aliyeligusa. Maskini walisafiri kwa hilo, mwendo wa mtu anayetembea, siku kadhaa, umelala juu ya mizigo. Au kwa miguu, maana mtembea kwa miguu hakutozwa. Kinachoniuma ni mkulima. Gari la posta linapita bure, yeye na mkokoteni wa chokaa ya shamba analipa. Na geti lenyewe mara nyingi lilikodishwa kwa mnada. Aliyeshinda alitaka faida yake. Huko Wales magharibi watu walichoka. Mei 1839 wanaume waliovaa nguo za kike, kiongozi wao akiitwa Rebecca, walibomoa geti la Efailwen, na miaka iliyofuata yakaanguka mengi. Serikali ilitunga sheria mpya mwaka 1844 na ushuru wa chokaa ukapunguzwa. Kwangu hilo ndilo pambano kubwa kuliko posta na mchana.

MsafiriWaKale
Hoja nzito, mzee. Na mshindi wa wote alikuwa njiani: Juni 1841 treni ilifika Bristol kutoka London, safari ya muda wa saa nne hivi. Magari yakaondolewa moja moja, bodi zikakosa mapato. Ya mwisho ilifungwa 1895, kisiwani Anglesey.

KakaMkubwa
Kwa anayepanga bajeti ya 1835, aongeze na bakshishi: dereva anatarajia yake kila wanapobadilishana zamu, na mlinzi naye yake.