Nasari na viza ya kazi: mtoto wetu ana haki gani hapa Uingereza?

Kutoka kwa: mama mmoja, Reading

Assalaam alaykum jamaa zangu,

Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Mume wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tulikuja naye 2023. Mtoto wetu ni mmoja, anatimiza miaka 3 Novemba hii. Mimi niko nyumbani kwa sababu nasari tuliyoulizia ingekula karibu mshahara wote. Viza yetu inasema hatuna haki ya fedha za umma, na jirani ametuonya kwamba tukigusa msaada wowote wa serikali hatutaongezewa muda. Isitoshe, mtoto maneno yake bado machache, na naambiwa niache kumsemesha Kiswahili, nimzungumzishe Kiingereza tu. Nimechanganyikiwa. Nianzie wapi?

Jibu kutoka: Leicester

Waalaykum salaam mwanangu. Pole sana, na umefanya vizuri kuuliza. Onyo la jirani yako nimelisikia kwa familia nyingi, na linaniuma kwa sababu anayeumia ni mtoto.

Fedha za umma zinazokatazwa kwenye viza zimeorodheshwa kwenye sheria za uhamiaji. Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), Child Benefit (posho ya watoto), nyumba za halmashauri, hizo usiziombe. Shule haimo kwenye orodha hiyo, na saa za bure za nasari hazimo. Hapa England kila mtoto wa miaka 3 na 4 anapata saa 15 kwa wiki kwa wiki 38, yaani saa 570 kwa mwaka, na hakuna anayeuliza viza ya mzazi. (Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao, walioko huko waseme.) Huombi popote serikalini. Unakwenda nasari yenyewe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Angalia tarehe tu: haki inaanza muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3. Wa Novemba anaanza Januari.

Lakini usisubiri Januari! Watoto wa miaka 2 ambao wazazi wao wana viza kama yenu nao wana saa 15, ila hapa wanaangalia kipato. Nje ya London, familia yenye mtoto mmoja isizidi pauni 26,500 kwa mwaka, yenye watoto wawili au zaidi isizidi 30,600. Ndani ya London ni 34,500 na 38,600. Na akiba yenu isizidi pauni 16,000. Kwa mshahara mmoja wa kutunza wazee huenda mko ndani kabisa, na kama ndivyo haki hiyo mtoto anayo tangu Januari iliyopita. Hii inaombwa halmashauri. Piga simu, uliza kitengo cha huduma kwa familia, sema wazi kwamba viza yenu haina fedha za umma na unaomba nafasi ya mtoto wa miaka 2. Akipokea mtu asiyeijua, mwambie akupeleke kwa anayeijua. Usikate simu.

Sasa suala la maneno, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Usiache Kiswahili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, na wataalamu wa matamshi wa hapa watakwambia mwongee lugha unayoimudu vizuri. Mama akiongea Kiingereza cha kubabaisha siku nzima, mtoto anakosa masimulizi, utani, hata kukemewa kwa utamu.

Je, ameshafanyiwa ukaguzi wa miaka miwili? Kuna nesi wa watoto wadogo anayemfuatilia kila mtoto hadi aanze shule, na ukaguzi mmojawapo ni kati ya miaka 2 na 2 na nusu. Mnaletewa dodoso mlijaze kabla. Nilikaa na mama mmoja wa kwetu siku hiyo. Kwenye maswali ya lugha alikuwa ameweka alama ya "bado" mstari baada ya mstari, kwa sababu alidhani wanauliza Kiingereza. Nesi akamimina vibao vya mbao kwenye zulia. Mama akasema, "Panga juu, baba, moja juu ya nyingine." Mtoto akapanga vibao sita, akaubomoa mnara, akacheka, akasema, "Umeanguka! Tena!" Nikamwambia nesi alichosema, akachukua kalamu wakaanza dodoso upya. Maneno ya Kiswahili ni maneno. Kama huna uhakika na Kiingereza chako omba mkalimani, ni bure, na uombe kabla ya miadi. Usimtegemee mume atafsiri, atakuwa kazini. Na kama mtoto kweli anahitaji mtaalamu wa matamshi, nesi huyo anaweza kuandika rufaa, na foleni ni ndefu, kwa hiyo mpigie wiki hii. Namba iko kwenye kile kitabu chekundu cha afya ya mtoto.

Neno jingine kwa wote. Najua kuna wanaoachiana watoto kwa malipo. Anayelea mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake kwa malipo, zaidi ya saa 2 kwa siku, na si ndugu wa mtoto, lazima asajiliwe. Tuna kina mama hodari sana wa kulea. Wajisajili, tutawapelekea watoto kwa moyo mweupe.

Jibu kutoka: Milton Keynes

Shikamoo mama, umemaliza. Niongeze la bili tu. Saa 15 ni bure, lakini nasari nyingi zinaweka malipo ya chakula, nepi na shughuli. Hayo ni ya hiari, hawaruhusiwi kuyafanya sharti la kumpa mtoto nafasi. Dai bili yenye mchanganuo, na uliza kama unaweza kufunga chakula cha nyumbani. Sisi tulihamia nasari iliyo ndani ya shule ya msingi na hatukudaiwa ziada.

Halafu shule: mtoto wa Novemba ataanza Reception, yaani darasa la kuanzia shule ya msingi, Septemba inayofuata baada ya kutimiza miaka 4. Maombi yanafungwa 15 Januari ya mwaka huohuo. Kusoma nasari ya shule hakukupi nafasi ya Reception moja kwa moja, fomu lazima mjaze.

Kutoka kwa: mama mmoja, Reading

Shikamoo mama, na ahsante kaka. Nimepiga halmashauri leo asubuhi. Wa kwanza alisema haiwezekani, nikaomba mwingine, na huyo ameijua mara moja. Wanataka uthibitisho wa viza, hati za mshahara na taarifa za benki, natuma jioni mume akirudi. Nesi atakuja Jumanne ijayo na mkalimani yupo.

Tukiwa kwenye hilo, nina ombi. Kama kuna familia nyingine Reading au karibu zenye watoto wa chini ya miaka 5, tukutane Jumamosi asubuhi. Wazazi tunabaki na watoto wetu, kwa hiyo hakuna usajili unaohitajika, watoto wacheze kwa Kiswahili na kutegewa vitendawili. Maktaba ina chumba cha watoto, nimeshauliza. Nani yuko?

Jibu kutoka: Slough

Tupo, dada. Watoto wawili, mmoja wa miaka 4, mwingine wa miezi 9. Saa ngapi?