Naomba ushauri: nitafuatiliaje Olimpiki ya majira ya baridi bila kuharibu mitihani yangu?

Mwanafunzi_Kampemba:

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Lubumbashi na ninaishi kwa baba yangu mkubwa katika komini ya Kampemba. Tangu nilipotazama vipande vya michezo ya Beijing ya mwaka 2022 kwenye simu ya rafiki, nimekuwa nikiisubiri Olimpiki ya majira ya baridi jinsi wenzangu wanavyosubiri mechi za Mazembe. Sasa imekaribia: itafanyika Italia, Milano na Cortina d'Ampezzo, kuanzia tarehe 6 hadi 22 Februari 2026.

Taabu yangu ni kwamba mitihani ya muhula inaangukia katika majuma hayo hayo. Isitoshe, huu ni wakati wa mvua, na mtaani kwetu umeme hukatika kila radi inapopiga, nami sina uwezo wa kununua mega za intaneti za kutazama kila kitu kwa simu. Tena baba mkubwa, ambaye ndiye mwenye televisheni, husema kwamba hiyo ni michezo ya Wazungu wasiokuwa na kazi. Ningependa kujua jinsi ya kupanga muda wangu, na pia jinsi ya kuzungumza naye bila kumkosea heshima.

Mwalimu_Ruashi:

Mwanangu, jambo la kwanza ni kuacha wazo la kutazama kila kitu. Kutakuwa na mashindano 116 ya kuwania medali, katika aina 16 za michezo, na mara nyingi matatu au manne yataendelea kwa wakati mmoja katika miji iliyo mbali kwa mbali: skii (kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu za miguuni) ya wanaume ya kushuka mlima iko Bormio, biathloni (skii pamoja na kupiga shabaha) iko Anterselva, na michezo mingi ya barafu iko Milano. Hata Mwitaliano aliyeketi nyumbani kwake hawezi kuyaona yote.

Saa ziko upande wako. Sisi wa Lubumbashi tunaitangulia Italia kwa saa moja tu, kwa hiyo sherehe ya ufunguzi katika uwanja wa San Siro, itakayoanza saa mbili usiku kwao siku ya Ijumaa, utaiona saa tatu usiku. Wakati wa Beijing mambo kadhaa yalifanyika sisi tukiwa usingizini. Safari hii skii itakuwa asubuhi na mchana, na mchezo wa kuteleza kwa madaha kwenye barafu utakuwa hasa jioni. Andika kwanza ratiba ya mitihani, kisha ndipo uangalie nafasi zilizobaki. Usifanye kinyume chake.

Yaya_BelAir:

Mdogo wangu, nakubaliana na Mwalimu, lakini ningeongeza kwamba uchague michezo miwili na ujifunze kanuni zake kabla ya tarehe 6, kwa sababu mtu asiyejua kanuni huona watu wakiteleza tu, na baada ya dakika kumi huchoka.

Chaguo langu la kwanza ni biathloni. Mwanariadha huteleza kwa skii akiwa amebeba bunduki mgongoni, kisha husimama, huku mapafu yakiwaka na moyo ukidunda, apige shabaha tano zilizo umbali wa meta 50. Katika mbio nyingi, kila shabaha anayoikosa humlazimisha kuzunguka njia ya adhabu ya meta 150, na katika mbio ndefu za mtu binafsi huongezewa dakika nzima. Ndiyo maana anayeongoza anaweza kuingia kwenye uwanja wa shabaha akiwa wa kwanza na kutoka akiwa wa kumi. Anapiga akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Anapolala shabaha ina upana wa milimita 45 tu, na anaposimama ni milimita 115. Ukijua hayo, hutaweza kuondoa macho kwenye skrini.

Chaguo la pili ni kuteleza kwa madaha. Kila mshindani ana onyesho fupi na onyesho huru, na waamuzi hutoa alama za ufundi wa miruko na mizunguko, pamoja na alama za namna anavyolitawala onyesho lake. Tafuta picha za Mfaransa Surya Bonaly katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, aliporuka sarakasi ya kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja ingawa mruko huo ulikuwa umekatazwa. Shirikisho la mchezo huo liliuruhusu mwaka 2024, kwa hiyo unaweza kuuona tena Milano bila mtu kukatwa alama.

Skii ya kushuka mlima haihitaji somo lolote: kila mmoja hushuka mara moja, mwenye muda mfupi zaidi ndiye mshindi, na mwendo hupita kilometa 130 kwa saa. Hiyo hata baba mkubwa ataielewa.

Mzee_Katuba:

Mimi nasema wazi: kijana wa Lubumbashi ana faida gani na theluji? Baridi yetu ya mwezi wa sita yatutosha. Soma, upate diploma yako.

Mama_Kamalondo:

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hoja hiyo ingetuzuia pia kutazama tenisi, ambayo nayo haikuanzia kwetu. Waafrika wamo katika michezo hiyo tangu zamani: Lamine Guèye wa Senegal alishindana katika skii huko Sarajevo mwaka 1984, na Nigeria ilipeleka timu ya wanawake ya bobsleigh (sleji ya kushuka kwa kasi kwenye njia ya barafu) mwaka 2018.

Mwanangu wa Kampemba, kwa baba mkubwa usianze na hoja. Anza na hadithi. Mwambie habari za Philip Boit wa Kenya (nchi, wala si komini yetu ya Kenya). Aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na miaka miwili baadaye akashiriki mbio za skii za kilometa 10 huko Nagano. Alimaliza wa mwisho, wa 92. Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyekuwa ameshinda dhahabu, alibaki akimngojea kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie, na sherehe ya medali ikachelewa kwa sababu hiyo. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Sijamwona mzee anayesikia habari hiyo asiulize swali, na akishauliza, mwombe kwa adabu televisheni ya Jumamosi tarehe 7 mchana, siku ya skii ya wanaume ya kushuka mlima. Omba siku hiyo moja tu. Usimwombe majuma mawili kwa mkupuo.

Mwanafunzi_Kampemba:

Nawashukuru sana. Biathloni nimeichagua, na habari za Boit nitamsimulia baba mkubwa jioni hii. Limebaki swali moja. Jumapili tarehe 22 kutakuwa na fainali ya hoki ya barafu ya wanaume, na wachezaji wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, wanarudi baada ya kukosekana mwaka 2018 na 2022. Siku hiyo hiyo wanawake watakimbia kilometa 50 za skii, umbali ambao katika Olimpiki umekuwa wa wanaume peke yao. Jumatatu asubuhi nina mtihani wa hisabati. Nifanye nini?

Mwalimu_Ruashi:

Acha hoki ya moja kwa moja. Kwenye simu ndogo hutakiona kile kisahani cheusi kinachopigwa, nawe utakula mega zako zote kwa vipindi vitatu vya dakika 20 pamoja na mapumziko yake marefu. Mbio za kilometa 50 nazo zinachukua zaidi ya saa mbili. Ukitaka, tazama sehemu ya mwisho peke yake. Mchana soma. Baada ya mtihani, siku ya Jumatatu, tafuta muhtasari wa fainali kwenye tovuti ya Olimpiki au kwenye YouTube, uupakue kwa ubora wa chini, na uwaombe wenzako wa darasani wasikutajie matokeo mapema.

Yaya_BelAir:

Na betri ya simu uijaze usiku uliotangulia, umeme ungalipo.