Mjadala: Tamthilia za kale za Ulaya zina la kutufunza sisi watu wa Mombasa?

Wengi hapa jamvini washasema tamthilia za kina Sophocles wa Ugiriki na Ibsen wa Norway ni mzigo wa shule tu, mtoto akariri majina ya wazungu mpaka mtihani wa KCSE upite alafu basi. Wenye kuzitetea nao watutolea misemo mitamu ya kuweka status. Mie sikubaliani na upande wowote. Tamthilia yasomwa ili ubishane nayo, na mfano uko hapa hapa kwetu.

Chukueni An Enemy of the People (yaani Adui wa Umma), Ibsen aliitoa 1882. Daktari Stockmann yuko mji mdogo wa pwani ya Norway unaotegemea bafu za tiba, wageni waja kuoga wapone. Apima maji, akuta yana sumu, uchafu watoka viwanda vya ngozi huko juu na kimoja ni cha baba mkwe wake. Yeye adhani watamshukuru! Meya, kakake wa tumbo moja, amwambia kutengeneza mabomba kutakula pesa nyingi na bafu zitafungwa miaka miwili, wageni watahamia miji mingine. Sasa mwangalieni Aslaksen, mwenye kiwanda cha kupiga chapa na mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, huyu mwanzo alimuahidi daktari kuwa wengi wako nyuma yake, lakini akisikia tu gharama zitatoka mifukoni mwa watu wa mji, ageuka pale pale na gazeti la mji halichapi tena habari ya daktari. Kwenye mkutano watu wa mji wapiga kura na kumtangaza daktari adui wa umma. Vioo vyavunjwa kwa mawe, suruali yake yachanika, bintiye Petra afutwa ualimu. Mwenye nyumba ampa notisi, na wala hana chuki naye, aogopa tu watu watasemaje. Hao si watu waovu jamani, wana biashara na watoto wa kulisha, na ndo maana yanichoma.

Haya njooni Owino Uhuru, hapo Mikindani. Kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu kupata madini ya risasi, sumu ikaingia mtaani. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo humo, mtoto wake akaugua, kupimwa akakutwa na madini hayo ya risasi mwilini. Akasema, akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira, 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukafutwa kwenye rufaa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ambayo Desemba 2024 iliurejesha uamuzi huo.

Lakini daktari wa Ibsen asema mkutanoni wengi hawana haki kamwe, na amalizia kwa kusema mwenye nguvu kuliko wote ni anayesimama peke yake. Hapo simkubali hata kidogo. Huyu mama hakushinda peke yake, alikwenda na majirani, wakapimwa damu pamoja, wakashtaki pamoja, na lau angewadharau kama Stockmann alivyoutukana mkutano ule angebaki na ukweli wake ndani ya nyumba. Wazee wetu wasema penye wengi pana Mungu, ila na Aslaksen pia hukaa penye wengi, na mtoto wa shule yafaa aijue mizani hiyo mapema.

Kuna aliyeuliza si bora tuandike yetu. Naam tuandike, Ebrahim Hussein alivichukua vita vya Maji Maji akatupa tamthilia ya Kinjeketile, na Nyerere akiwa Rais alimtafsiri Shakespeare, Julius Caesar ikatoka kwa Kiswahili 1963, kwa hivyo sioni kwa nini moja limfukuze mwenzake.

Mnaotaka zitolewe shuleni nijibuni hili: kiwanda kile kilipokuwa chaandika watu kazi na huyu mama apiga kelele kifungwe, nyinyi mlikuwa mkisema nini?