Mliokaa miji midogo ya tambarare za Marekani na Kanada, tupeane uzoefu: mji aliuanza nani, na kabaki nani?

Mwana wa Kyela (mleta uzi):
Wakuu, habari zenu. Nyuzi za Dallas, Minneapolis na Toronto zimejaa humu, kila mtu anajua kodi ya nyumba na bei ya unga wa ugali. Huu naomba uwe wa sisi tuliotupwa katikati, kwenye tambarare za majani na ngano, ambako mji ni barabara moja, posta, kanisa, na ghala la nafaka refu kuliko kanisa. Naanza mimi.

Nasoma magharibi ya Kansas. Kuna mama mmoja Mmarekani mweusi tunasali naye, aliponiona nashangaa jinsi alivyo na ndugu wengi wakulima akaniambia, "Jumamosi twende kwetu." Kwao ni Nicodemus.

Kwa kifupi ni hivi. Mwaka 1877, miaka 12 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakala wa ardhi mzungu W. R. Hill alishirikiana na mweusi W. H. Smith kupima mji mpya. Vipeperushi vikasambazwa Kentucky kwa watu waliotoka utumwani: njooni, kuna ardhi, mtajitawala. Septemba ile kundi kubwa la watu kama 300 likaja. Treni iliishia Ellis, zaidi ya kilomita 50 kutoka hapo, zilizobaki ni miguu. Walipofika, mji hakuna. Miti hakuna. Waliotangulia walikuwa wamechimba mashimo kwenye ardhi wakaishi humo. Willianna Hickman, aliyekuja na mumewe mchungaji mwaka uliofuata, alisimulia baadaye kwamba aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Akalia.

Majira yale ya baridi njaa iliwashika kweli. Waliowaokoa ni Waosage, wenyeji wa asili, waliokuwa wanarudi kutoka kuwinda, wakawagawia chakula. Hapa ndipo huyu mama alipokazia. Alisema watu wanapenda kusimulia habari ya Hill na vipeperushi, lakini kwao nyumbani watoto walifundishwa kwanza habari ya ile nyama ya Waosage.

Alinionyesha moja ya yale makazi. Wakuu, ukipita huoni kitu. Ni majani tu, ila ukisimama karibu unaona ardhi imebonyea, upana wake labda kitanda na meza vinatosha, na upande mmoja kuna mawe machache yaliyokuwa jiko. Walichoma mabua ya alizeti na samadi ya nyati iliyokauka, maana kuni hazikuwepo.

Miaka kumi baadaye kulikuwa na maduka, hoteli, makanisa, magazeti. Mmoja wao, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Kilichowaua ni reli. Mwaka 1887 walipiga kura kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili reli ipite kwao. Haikupita. Mwaka 1888 ikajengwa ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakahamia huko, kukazaliwa mji wa Bogue. Mnaotoka Tabora au Voi mnaelewa stesheni inavyoamua nani awe mji na nani abaki kijiji.

Tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa. Wakazi waliobaki ni wachache mno, ila mwisho wa Julai kila mwaka wajukuu wanarudi kutoka kila kona.

Karibuni na ya kwenu.

Dereva wa Nakuru:
Asante kwa uzi, ndugu. Mimi naendesha trela, kwa hivyo hii miji naijua kwa kupita. Wenye watanielewa ni wale wameshakwama kwa dhoruba ya theluji barabara ikafungwa: unalala kwa kebini ya gari na injini inanguruma usiku kucha.

Mji ulionigusa ni Greensburg, pia Kansas. Tarehe 4 Mei 2007 usiku, tonado iliufagia, karibu asilimia 95 ya mji. Niliwahi kula pai pale, mzee mmoja akaniambia alitoka kwa chumba cha chini ya nyumba na kuangaza tochi juu, akaona mvua inanyesha moja kwa moja kwa ngazi. Nyumba haikuwepo. Karibu nusu ya watu hawakurudi. Waliorudi walijenga upya, majengo ya kuokoa nishati, stima ya upepo ule ule uliowabomolea. Kisima chao kilichochimbwa kwa mikono miaka ya 1880, zaidi ya mita 30 kwenda chini, kilibaki. Unashuka kwa ngazi kukiona.

Mama Furaha, Brooks:
Jambo kwenu. Mimi Mkongo wa Uvira, nimefika Alberta, jimbo la Kanada, kupitia kambi. Brooks si kijiji sana, lakini ukitoka dakika kumi ni majani na upepo basi. Watu wanakuja kwa ajili ya kiwanda cha nyama. Kazi ni baridi na kisu, kisu na baridi, jioni vidole havifungi kifungo cha shati. Ila Jumapili unasikia Kiswahili kanisani, Msomali ana duka, Mfilipino ndiye jirani.

Kuhusu historia: pembeni ya mji kuna mfereji wa zege uliosimama juu ya nguzo, kilomita tatu hivi, kampuni ya reli iliujenga 1912 mpaka 1914 kupeleka maji mashambani. Sasa ni mkavu. Na mleta uzi, hiyo Septemba 1877 yako, mwezi huo huo huku kwetu ndipo machifu wa Blackfoot, wenyeji wa asili, na wenzao walitia saini Mkataba wa Saba wa ardhi yao na serikali, pale Blackfoot Crossing. Binti yangu kaleta hiyo kutoka shule. Kwa hiyo vipeperushi vinaposema ardhi tupu, uliza kwanza.

Mpemba Halisi:
Mama Furaha umemaliza. Naongeza dogo: soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, miaka minne tu kabla ya hao watu kutembea kutoka Ellis. Hiyo sherehe ya mwisho wa Julai inasherehekea nini hasa?

Mwana wa Kyela:
Mkuu, asili yake ni ukombozi wa watumwa wa visiwa vya Karibiani vya Mwingereza, 1 Agosti 1834. Waliianza mapema sana, siku hizi inaitwa tu kurudi nyumbani. Kuna gwaride, ibada, na chakula kwa fujo.

Mpemba Halisi:
Nipo Denver, nikiendesha nafika?

Mwana wa Kyela:
Unafika, ni safari ya saa nne au tano. Kalale mji wa jirani, Hill City, na ujaze tanki huko huko, maana Nicodemus hakuna sheli wala duka. Na beba kofia, kivuli ni cha kugombania.